Ndoo ya Kwenda Jijini

Tajiri alipocheka, Bi Chachu alitazama chini kuona kama amekanyaga kitu. Katika miaka yote aliyofanya kazi kwenye kiwanda kile cha mikate, hakuwahi kuyaona magego ya mwajiri wake. Leo yalikuwa nje yote, hata lile lililotoboka.

"Hongera, mama," Tajiri alisema. "Umeshinda."

"Nimeshinda nini, bosi? Mimi sijacheza."

"Safari! Unakwenda Jijini. Nauli juu yangu, chumba juu yangu, posho ya kula juu yangu. Wiki nzima, bure kabisa. Mimi si mtu wa kusahau fadhila."

Wakandaji wakapiga makofi, unga ukaruka kutoka viganjani mwao kama moshi. Bi Chachu hakupiga. Alikuwa akiwatazama wale walioanza kupiga kabla Tajiri hajamaliza kusema.

Jiji lenyewe halikuhitaji kutajwa jina. Lilikuwa moja tu duniani kwa watu wa pale, na zaidi kwa watu wa kiwanda kile, maana mkate waliouoka uliitwa Mkate wa Jiji, ingawa ulitoka uchochoroni nyuma ya duka la misumari. Kwenye karatasi ya kufungia palichorwa mnara wa saa, mto, na daraja la matao. Juu ya daraja alisimama mwanamke mdogo kama punje ya mchele, amebeba kikapu. Bi Chachu alianzia kazi kwenye kufunga mikate, na kila siku ya ujana wake alimkunja mwanamke yule, akamkunjua, akamkunja tena. Alitaka kujua kikapuni mna nini. Alitaka kusimama palepale, aone anachokiona mwenzake. Mwenye ndoto ya aina hiyo akiambiwa "unakwenda", moyo lazima uruke. Wake uliruka kweli. Kisha ukakaa, ukakunja miguu, ukaanza kuuliza maswali.

Maana mama yake mzazi alimwachia usia mmoja: cha bure kigeuze kwanza, uone mgongo wake.

Na mgongo wa safari ile aliujua. Ulikuwa umekaa langoni, umeshika rungu.

Bawabu wa lango walimwita Kisu. Zamani alikuwa mkataji. Donge la unga likifika mezani pake, Kisu alilikata kwa jicho tu, na mzani haukuwahi kumsuta. Siku moja Tajiri akamzawadia safari ya Jijini. Akaenda, akapigwa picha mbele ya mnara, akarudi na fulana yenye picha ya mnara uleule kifuani. Mezani pake akakuta mashine inakata. Tajiri akampa rungu na kiti. Fulana anaivaa mpaka leo. Rangi imebanduka, mnara umebaki na saa isiyo na mishale.

Bi Chachu alipotoka jioni ile, alisimama mbele yake.

"Kaka Kisu, umesikia?"

"Nimesikia makofi. Hata mimi nilipigiwa."

"Yalikuwaje?"

"Ya nguvu, dada yangu. Ya nguvu mno. Mtu akikupigia makofi hivyo, ujue anafukuza kitu rohoni mwake."

"Na Jiji? Niambie kweli."

Kisu akainamisha kichwa, akaushika mnara wa kifuani kama mwenye kiungulia. "Jiji ni zuri. Hilo ndilo linaloniuma. Ningekuta jalala, ningesema basi, nimeibiwa mara moja. Lakini nilifurahi! Nilikuwa darajani nalamba aiskrimu, mdomo mtamu, na saa hiyohiyo huku wanakaza skrubu za mashine."

"Sasa nifanye nini?"

"Asiyekuwepo na lake halipo. Mimi sijasema kitu."

Sasa, Bi Chachu alikuwa na nini cha kunyang'anywa? Ndoo. Ndoo ya bluu, iliyokaa kwenye kona nyuma ya tanuri, pale joto linapofika likiwa limechoka. Ndani yake mlikuwa na chachu: uji mzito wa unga unaovuta pumzi, wenye harufu ya tunda lililosahauliwa kabatini. Kila alasiri Bi Chachu alichota sehemu kubwa ya kuumulia mikate ya kesho, kisha iliyobaki akailisha unga na maji. Kesho yake ndoo imejaa tena. Aliirithi kwa mama yake, naye mama aliirithi kwa mama yake. Ni chachu ile iliyoufanya Mkate wa Jiji uwe na kaukali kadogo ulimini, kalikowafanya watu wapite maduka mengine matatu ili kuufuata.

Mama yake alikuwa akimgawia kila aliyekuja na bakuli. "Chachu haipungui kwa kugawiwa," alisema. Lakini hamira ya pakiti ilipofika madukani, wote waliogawiwa waliziacha zao zife. Ikabaki ndoo moja. Bi Chachu alimpenda mama yake, ila kwa hilo alimwona hakuwa na akili ya biashara. Kitu ambacho kila mtu anacho, nani atakulipa ukitunze?

Kwa hiyo yeye alikitunza kwa kufuli la mdomo. Kila alasiri alikuja na chupa ya chai ambayo hakummiminia mtu hata tone. "Chai ya Bi Chachu," wakandaji walimtania, "ukiiomba unaonyeshwa kisogo." Naye alicheka pamoja nao, akawapa kisogo kweli, akaimimina ndooni. Haikuwa chai. Ilikuwa maji yaliyochemshiwa viazi, yakapoa. Ukiilisha chachu ile maji ya bomba itaishi siku chache, itanuna, itanywea, itakufa. Siri hiyo hakumwambia hata binti yake wa kumzaa.

Kesho yake akamkuta mtu asiyemjua amepiga magoti kwenye kona yake, anavuta utepe wa kupimia kutoka ukutani hadi kwenye ndoo.

"Unapima nini?"

"Napima tu, mama."

"Mtu hapimi tu. Hata anayepimwa kaburi ana sababu."

Yule mtu akatupa jicho kwenye mlango wa ofisi ya Tajiri, akauviringisha utepe, akatoka na penseli sikioni bila kuaga.

Kabla vumbi lake halijatua, Tajiri akaingia na mpwa wake, msichana mwembamba aliyeajiriwa hivi karibuni. Alikuwa na maneno machache mno, hata wakandaji wakamwita Kimya.

"Mama, mfundishe huyu kulisha chachu," Tajiri alisema. "Wiki moja tu. Usipoenda na amani moyoni, safari haina maana."

"Amani ninayo, bosi."

"Naiona," alisema Tajiri, asiione.

Kimya akasogea karibu na ndoo, akainusa kwanza kabla ya kuuliza chochote. Bi Chachu aliliona hilo na halikumpendeza. Mtu anayeanza kwa pua ni wa kuogopwa.

"Unga kiasi gani, shangazi?"

"Mpaka uone mwiko unasita."

"Na maji?"

"Ya bomba," alisema Bi Chachu bila kupepesa. "Maji ni maji."

"Si chai?"

"Chai ni ya kwangu. Nina koo bovu."

Kimya akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayekubali bei asiyoiamini.

Nyumbani nako hakukuwa salama. Binti yake alikuwa mshonaji, cherehani yake ilikaa palepale sebuleni, na jioni ile alimwinulia gauni la rangi ya majani mabichi, lenye mifuko mikubwa pande zote mbili.

"La safari, mama."

"Umelishona lini?"

"Juzi juzi tu."

"Juzi? Mimi nimeambiwa jana."

Binti akauma uzi, akaukata kwa meno, akakawia kuutema. "Mama na wewe! Vaa uone kama limekutosha."

Lilimtosha. Lilimtosha mabegani, lilimtosha kiunoni, na kila lilipomtosha alizidi kushuku, maana hakukumbuka kupimwa. Au siku hizi wanampima usingizini? Hata hivyo, binti alipokwenda jikoni, Bi Chachu alikiokota kikapu cha nguo zenye viraka, akasimama mbele ya kioo kama yule mwanamke wa darajani. Akatabasamu. Kisha akaliangalia tabasamu lile kwenye kioo akaona ndilo hilohilo wanalotaka aondoke nalo.

Kilichomaliza maneno ni kijiko. Siku chache kabla ya safari alikuwa nyuma ya magunia ya unga akitafuta chekeche, akamwona Kimya anainama kwenye ndoo ya bluu. Msichana akatazama kushoto, akatazama kulia, akakwangua ukingoni kijiko kimoja cha chachu, akakitia kwenye kopo la jamu na kulificha chini ya aproni. Bi Chachu hakutoka mafichoni. Hakupiga kelele. Alihisi hata raha fulani, ile raha ya mtu aliyesema mvua itanyesha, na sasa analowa.

"Haya," alijiambia. "Tumejuana."

Alasiri ya mwisho akaja na ndoo ndogo nyeupe yenye kifuniko. Watu walipokwenda kupakia mikate kwenye gari, akaihamishia humo chachu yote, akakwangua hadi ukingo ukalia. Ndani ya ile ya bluu akakoroga unga, maji ya bomba na hamira ya dukani. Baada ya muda mfupi ilitoa mapovu kuliko hata ya kweli, kama mgombea siku ya kampeni. Waje sasa. Waitwae.

Angeweza kuchukua kikombe kimoja tu, akaiacha ndoo ilivyo, naye akawa na chachu, na wao wakawa na chachu. Jambo hilo hata mtoto wa mwokaji analijua. Lakini mtu akishaanza kulinda, somo la kugawanya humtoka kichwani, na siku ile Bi Chachu, aliyegawanya chachu kila alasiri ya maisha yake, hakulikumbuka hata kidogo.

Langoni Kisu aliitazama ndoo, akaitazama barabara.

"Sijaona kitu," alisema. "Hata hicho cheupe."

Alfajiri yake binti alimsindikiza hadi kwenye kituo cha basi. Alibeba begi, ndoo Bi Chachu aliikumbatia mwenyewe, imefunikwa shuka.

"Mama, ngoja nikwambie kabla hujapanda. Usije ukaenda umenuna bure. Mimi ndiye niliyemwendea Tajiri."

"Wewe?"

"Nilimwomba akupe likizo, ukalione daraja lako kabla magoti hayajagoma. Nikamwambia nauli nitachanga mwenyewe. Akasema hapana, atalipa yote. Ndiyo maana gauni lilitangulia. Alifurahi, mama, alifurahi kweli!"

Bi Chachu akamtazama mwanawe kwa muda. Usoni pale hapakuwa na kitu ila usingizi na mapenzi. Lakini neno moja lilikuwa limekwisha kumkwama.

"Alifurahi. Alifurahi kabla hujamaliza kusema, au baada?"

"Mama!"

"Nauliza tu."

"...Kabla," binti alisema, na sauti yake ikashuka kama aliyekanyaga ngazi ambayo haipo.

Mlangoni mwa basi, kondakta akanyoosha mkono. "Ndoo buti, mama."

"Haiendi buti."

"Ina nini?"

"Unga."

"Unga unapumua?" Maana kifuniko kilikuwa kimevimba chini ya shuka, na mara kikatoa sauti ya mtu aliyeshiba.

"Ni pombe!" akadakia abiria mmoja mwenye kofia. "Mama anapeleka pombe Jijini, utadhani kule hawalewi!"

Basi zima likacheka. Kondakta akajikuna. "Mama, buti kuna nafasi, kuna ubaridi, haitamwagika."

"Kuna na wezi."

"Basi iweke mbele, juu ya boneti hapo karibu na dereva. Kaa kiti cha kwanza, uitazame mpaka uchoke."

Hilo lilimridhisha. Ndoo ikawekwa juu ya boneti ya injini, shuka ikazungushwa, juu ya shuka akaongeza sweta, mtu asione kilichomo. Safari ikaanza.

Barabara ya kwenda Jijini ina sifa zake. Wanasema kuna mahali inapanda hadi mawingu yanabaki chini, na mahali inaposhuka kando ya maporomoko, matone yakagonga vioo. Bi Chachu hakuona hata moja. Alikuwa anaitazama ndoo, na alipochoka kuitazama ndoo alimtazama yule mwenye kofia, aliyejifanya amesinzia. Alimtazama mama mwenye mtoto, maana mtoto alikuwa na macho ya kutumwa. Alimtazama hata dereva.

"Mama," dereva alisema walipokuwa wanapanda mlima, injini inanguruma, "hiyo boneti ina moto. Iondoe ndoo yako."

Ahaa! Sasa na dereva naye ameanza.

"Iache ilipo," alijibu. "Wewe tazama barabara."

"Haya. Nimesema."

"Nimesikia."

Ndoo haikutoa tena sauti. Yeye akaona imetulia, kama vile imeelewa hatari.

Jiji lilimpokea mchana likiwa linang'aa. Mnara ulitokea kwanza, ukapotea nyuma ya majumba, ukatokea tena mkubwa zaidi. Abiria wote wakainuka vitini. Yeye akajiinua nusu, akakumbuka, akakaa, akashika mpini wa ndoo. Ulikuwa wa moto.

Alijua palepale, ila aliukataa ujuzi ule mpaka alipofika kwenye chumba cha wageni, akafunga mlango, akavuta pazia, akafungua kifuniko. Harufu iliyotoka haikuwa ya tunda lililosahauliwa. Ilikuwa ya mkate. Pembeni chachu imeiva, imeshikamana na ndoo. Katikati imeganda kama gundi. Akatia kidole hadi chini, akitafuta mahali popote penye pumzi, hata pa ukubwa wa shilingi. Hapakuwa na kitu. Chachu husamehe baridi, husamehe njaa, husamehe hata kusahauliwa. Moto haiusamehe. Hilo nalo alilijua tangu hajaota matiti.

Hakuna aliyeiba. Mwenye kofia alishuka na mfuko wake mmoja. Aliilinda ndoo dhidi ya watu wote wa basi, akaipika kwa mikono yake.

Akakaa kitandani. Kisha, kwa kuwa hakujua pengine pa kwenda, akainuka na gauni lake la majani mabichi, akaibeba ndoo, akaenda darajani.

Daraja lilikuwa zuri kuliko karatasi. Mawe yake yalikuwa na rangi ya ukoko wa mkate uliotoka kwa wakati wake. Mto ulipita chini pasipo haraka, watu walipita juu, mnara ukasimama pale ng'ambo na saa yake yenye mishale yote. Alitafuta mahali pa yule mwanamke mdogo, kati ya tao la katikati na lile linalofuata, akasimama. Uzuri ule ukamwingia bila ruhusa, akamkumbuka Kisu na aiskrimu yake, akatamani kulia.

Simu ikalia mfukoni.

"Shangazi? Ni mimi. Umefika?" Alikuwa Kimya.

"Nimefika. Unataka nini?"

"Chachu ya kwenye ndoo ya bluu. Si yenyewe."

"Nani kakwambia?"

"Hainuki. Yaani inanuka, lakini inanuka pakiti."

Bi Chachu akashika ukingo wa daraja. "Bosi anajua?"

"Hajui. Yuko na mafundi, wanavunja ukuta wa kona yako. Mashine ya kukandia inakuja kukaa hapo." Msichana akavuta pumzi, huenda hakuwahi kusema maneno mengi hivyo maishani mwake. "Na chachu alisema itakuwa mikononi mwangu. Wewe ukirudi utapelekwa kwenye kufunga mikate. Aliniambia nisikwambie, nami sikukwambia."

Kwa hiyo ni kweli. Makofi, utepe, magego, vyote alivisoma sawasawa, hakukosea hata kimoja. Alingoja raha ya kuwa sahihi imjie. Haikuja.

"Kuna jingine," Kimya alisema. "Nilikuibia, shangazi. Kijiko kimoja. Nilitaka nijaribu nyumbani kwanza nione kama nitaweza, nisije nikaiua ile yenyewe. Lakini inakufa. Nailisha kama ulivyonifundisha, kila siku inazidi kunywea. Sijui nakosea wapi."

Bi Chachu akatazama ndani ya ndoo nyeupe, akatazama mto. Njia ilikuwa nyepesi mno. Asiseme kitu. Hata kesho jioni kijiko kile kitakuwa kimekwisha, Tajiri atabaki na mashine yake na hamira ya dukani, watu watauonja Mkate wa Jiji na kuuliza umepatwa na nini. Hakuna atakayekuwa na kile asichokuwa nacho yeye. Ingekuwa haki kamili, isiyo na kombo.

Na chachu ya mama yake, na ya mama wa mama yake, ingeishia hapo.

"Shangazi? Upo?"

"Hujakosea," alisema Bi Chachu. "Nilikufundisha uongo. Una viazi hapo kwenu?"

"Viazi?"

"Vimenye, vichemshe bila chumvi. Maji yake usimwage. Yaache yapoe mpaka yasikuume kidole wala yasikupige baridi. Hayo ndiyo uilishe, kidogo kidogo, leo hii."

"Ile chupa ya chai..."

"Haikuwa chai."

Ndipo msichana akacheka, kicheko kikubwa ambacho hakuna aliyekitarajia kutoka kwenye kifua chembamba vile. "Nasi tukakuona mchoyo!"

"Mchoyo nilikuwa. Chai ndiyo haikuwepo." Akabana simu sikioni. "Sasa nisikilize. Ikiamka, igawe mara mbili. Moja yako, sikuulizi uliipataje. Nyingine ipeleke kwa binti yangu, kabla bosi hajapata hata tone."

"Na bosi akiniuliza?"

"Mwambie ndoo ya bluu imekufa. Ni kweli, haikuwahi kuishi. Mengine nitamwambia mwenyewe nikirudi. Karatasi za kufungia atafute mtu mwingine. Mwenye chachu na jiko lake haombi kona ya mtu."

"Sawa, shangazi."

"Nitakuaminije?"

"Usiniamini. Mpigie binti yako ikishafika kwake. Mwambie anuse."

Jibu lile Bi Chachu alilipenda kuliko kiapo. Akakata simu, kisha akaipiga namba ya binti yake papo hapo, akamwambia amtarajie msichana mwenye kopo la jamu, aifungue pua yake vizuri, na asimruhusu aondoke kabla hajanusa. "Na gauni," aliongeza, "limenitosha sana." Binti akauliza kama amelia. Akasema ni upepo wa mtoni.

Njiwa wa daraja walikuwa wamekwisha kuiona ndoo. Walitua ukingoni mmoja mmoja, shingo zinacheza. Bi Chachu akabandua kipande cha pembeni kilichoiva, akakimega, akakitupa kwenye mawe mbele yao.

Njiwa wakakizunguka. Wakakitazama kwa jicho la kushoto, wakakitazama kwa jicho la kulia, kisha wakamtazama yeye.

"Kuleni," aliwaambia. "Ni bure."

Hakuna aliyesogea.